Ree ya kopa niliyokuwa naiharakisha

Tunacheza briji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, Jumamosi hapa Shangani, Mtwara, korosho za kukaanga kando. Nilikuwa nikianguka mno kwenye ahadi ya tatu bila turufu, pale unapotakiwa kushinda mizunguko 9 kati ya 13.

Mpinzani wa kushoto anaanza na mfalme wa kopa. Mimi nina ree (karata ya A) na mbili ndogo, mwenzangu kalaza mezani mbili ndogo. Zamani nilipiga ree papo hapo. Baadaye mpinzani wa kulia ananishinda kwa mfalme wake wa maua, anarudisha kopa, wa kushoto anazoa nne. Nimebaki na 8!

Mwalimu mmoja mstaafu akaniambia, “Mwanangu, mbona pupa? Anza na saba, ondoa kopa zenu.” Saba kutoa tano, mbili: ree izuiwe mizunguko miwili, ipigwe wa tatu. Kopa zao zikigawanyika tano kushoto na tatu kulia, wa kulia zimemwishia. Akishinda kwa mfalme wa maua, hana kopa ya kurudisha. Mfalme huyo akiwa kwa wa kushoto, mtego wangu wa kumpitia unamnasa.

Juzi nikazuia, roho juu. Nikapoteza mizunguko mitatu tu. Mwalimu hata hakuinua macho; alikuwa kwenye korosho zangu.