Bibi wa Bustanini

Juzi mwanangu alinikuta natazama taichi kwenye simu, ule mchezo wa Kichina wa kujihami unaochezwa polepole. Akachungulia, akauliza, "Mama, huyo babu anaumwa?" Chai ikanipalia kwa kicheko. Hata mimi, nilipofika Zhengzhou, China, niliwatazama wale wazee kwa jicho hilohilo.

Ilikuwa mwaka ule wa kujifunza lugha ya Kichina, kabla hata sijaanza digrii. Rafiki yangu wa bwenini akanikokota alfajiri, baridi inauma, hadi bustanini. Kundi kubwa lilikuwa linacheza ule mtindo mfupi wa miondoko 24, uliotungwa mwaka 1956 kutokana na mtindo wa ukoo wa Yang ili kila mtu aumudu. Nikajisemea, haya ni mazoezi ya wastaafu.

Pembeni kulikuwa na watu wachache wa mtindo wa Chen, na hao walikuwa habari nyingine. Wanakwenda polepole, halafu ghafla mguu unapigwa chini na ngumi inafyatuka. Kijiji cha ukoo wa Chen, Chenjiagou, hakiko mbali, ni ng'ambo tu ya Mto Njano. Hata Yang Luchan, mwanzilishi wa ule mtindo wa Yang, alijifunzia huko kabla ya kwenda kufundisha Beijing. Wapo wanaosema mwanzilishi wa taichi yenyewe ni mtawa Zhang Sanfeng wa mlima Wudang, lakini mtu wa Henan, jimbo hilo la Zhengzhou, usimwambie hivyo. Yeye atakutajia Chen Wangting wa karne ya 17, na mjadala umefungwa.

Basi bibi mmoja wa kundi hilo akaniita kwa mkono. Kimo chake kiliniishia begani. Mimi wakati huo bado nilikuwa mlinzi wa goli kwenye netiboli, mapaja yamejaa. Tukagusanisha mikono kwenye vifundo, akaanza kuizungusha taratibu, mkono wake mlaini, hauna ubishi wowote. Nikasukuma kifua chake, kwa adabu kwanza, kisha kwa nguvu zangu zote. Nikawa kama niliyeegemea mlango ambao haukufungwa. Kiuno chake kilikuwa kimegeuka kidogo tu. Nikajivuta nyuma nisianguke, na hapo ndipo kiganja chake kikanifuata, kikatulia ubavuni, wala hakikuwa na haraka. Miguu ikaiacha ardhi. Nikadakwa na mzee aliyekuwa amesimama nyuma yangu, nadhani kwa kazi hiyohiyo.

Wote wakacheka. Rafiki yangu akanitafsiria: "Bibi anasema hajakusukuma. Umejisukuma mwenyewe."

Nikawa naenda hadi nilipohamia mji mwingine. Miondoko mingi imeshanitoka, ila ile ya kulegea na kumwacha mtu apite nimeijaribu sana maishani. Kwa bosi wangu mmoja nililegea vizuri kabisa, na likizo yangu akaila vilevile. Labda ni kwa kuwa yeye hakuniegemea. Alituma barua pepe tu.