Nilivyomfikisha Mama Kwenye Maporomoko ya Augrabies

Mama anaumwa magoti na joto humchosha upesi. Lakini maporomoko aliyotamani kuyaona ni Augrabies, ambako Afrika Kusini ni kame hasa, mpakani mwa jangwa. Kufika kwenyewe si kugumu. Kilichonisumbua kichwa ni kuchagua wakati.

Mvua ya pale haina uhusiano na wingi wa maji. Mto Orange unaanzia milima ya Lesotho, unapita kwenye mabwawa makubwa ya Gariep na Vanderkloof, kisha unakata nchi kavu kuelekea Bahari ya Atlantiki. Huko juu ikinyesha sana kati ya Januari na Machi, mto hufurika, ila miezi hiyohiyo joto la Augrabies hupita nyuzi 40. Juni na Julai hewa ni nzuri kwa kutembea, lakini maji mara nyingi yamepungua na usiku baridi inauma. Nikachagua Aprili. Njia ya miguu ya Klipspringer, ya siku tatu ndani ya hifadhi ya taifa ya Augrabies, hufungwa majira ya joto na kufunguliwa Aprili, nami nikaona kama wenye hifadhi wanaamini hali ya hewa ya mwezi huo, hata mama ataiweza.

Tulishuka kwa ndege Upington tukakodi gari. Ni kama kilomita 120 za lami, kupitia Keimoes na Kakamas, mashamba ya mizabibu yakiufuata mto na mawe matupu kuanzia pale maji ya umwagiliaji yanapoishia. Kakamas nilijaza mafuta na kununua maji ya kunywa ya kutosha.

Uamuzi ninaoushukuru zaidi ni kulala ndani ya hifadhi. Kutoka kambini hadi maporomoko ni mwendo mfupi, kwa hiyo tulitoka alfajiri, mchana tukapumzika chumbani, jioni tukarudi tena. Angelala Kakamas, mama angeyaona mara moja tu, tena juani.

Njia ya mbao inakufikisha hadi ukingoni, na ina pa kushikilia. Mto uliotawanyika mikono mingi juu ya mwamba unabanwa ghafla kwenye ufa mmoja, unaporomoka kama mita 56, halafu unaingia kwenye korongo lenye urefu wa kilomita 18. Siku ile maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, mvuke ukitulowesha nyuso. Mama akaniuliza kwa sauti ya juu ili nimsikie, "Maji yote haya yanatoka wapi, na mbinguni hakuna hata wingu?" Nilipomwelezea habari za Lesotho alitikisa kichwa, akaomba tukae kidogo.

Tulikaa sana. Mawe yale yamejaa mijusi bapa, madume yakiwa na koo la buluu na tumbo la rangi ya chungwa, nayo huruka juu kudaka vijinzi vinavyozagaa karibu na maji. Mama aliipenda mijusi karibu kuliko maporomoko. Pimbi nao walikuwa wakiota jua pembeni.

Mwamba wa pale ni laini na unateleza, na watu wamewahi kuanguka wakafa. Kijana mmoja aliruka kizuizi apate picha. Mama akamkemea kwa Kiswahili, "Rudi huku, mwanangu!" Kijana akarudi, na mimi nilifurahi kweli, kwa sababu hakuna picha inayostahili hatari ile.

Jioni nilimpeleka kwa gari hadi Oranjekom na Ararat, sehemu za kutazamia korongo. Unaegesha karibu kabisa na ukingo, kwa hiyo mwenye magoti mabovu halazimiki kutembea mbali, na kina cha korongo unakiona huko vizuri kuliko penye maporomoko. Njiani kuna ile mishubiri mirefu ambayo Wasan walichonga matawi yake kuwa podo za mishale. Ukienda na mzee, Oranjekom muiweke mwisho wa siku: jua likiinama, kuta za korongo zinageuka nyekundu, na kuna kibanda chenye kivuli cha kumkalisha.