Siku moja maishani mwangu: injini inayosukumwa na bakteria

Saa 12:30 asubuhi. Bengaluru, huku India, bado ina ubaridi, nami nimeshafika maabara kuwaangalia bakteria wangu. Bacillus licheniformis hawamsubiri mtu: ukiwaacha muda mrefu kwenye mchuzi wao, wanaacha kuogelea. Natazama tone moja kwenye hadubini. Wanahangaika huku na huku kama viluwiluwi dimbwini. Alhamdulillahi.

Saa 2:00. Nawazungusha kwenye sentrifuji, nawaosha. Idli mbili na kahawa, basi.

Saa 4:00. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nanasa ushanga mmoja wa plastiki, upana wake mikromita 5 (elfu tano za milimita, yaani sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita moja), kwa mwale wa leza, ufundi uliompa Arthur Ashkin Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwale ni kama springi: ushanga ukitaka kutoroka, unaurudisha katikati. Nikiongeza nguvu ya leza, springi inakaza, kama pistoni inayobana gesi. Nikiipunguza, inalegea. Nakaza maji yakiwa nyuzi 17, nalegeza yakiwa nyuzi 40. Ni mzunguko uleule wa injini ya joto ya Robert Stirling ya mwaka 1816, ila badala ya gesi nina vikumbo vya bakteria.

Kwa maji matupu, kati ya nyuzi hizo, kanuni ya Carnot, inayoweka kikomo cha joto linaloweza kugeuzwa kuwa kazi, hairuhusu ufanisi kuzidi asilimia 7 na kitu. Lakini bakteria huzubaa kwenye baridi na kuchangamka kwenye joto, na ushanga hutikiswa kana kwamba maji ni ya moto zaidi sana, ilhali kipimajoto kinasoma 40. Jaribio la namna hii lilifanywa hapahapa Bengaluru na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Physics. Kila nikiona ushanga ule ukirukaruka, moyo wangu nao unaruka.

Saa 8:00 mchana. Mtikisiko unafifia. Oksijeni imewaishia kwenye kichumba. Naanza upya na tone jipya. Saa mbili nyingine zimekwenda.

Saa 11:00 jioni. Grafu. Ushanga ukiwa kwenye maji matupu, grafu ya mahali ulipopita ina umbo la kengele. Ukiwa na bakteria, inaota mikia mirefu: mara mojamoja ushanga hupigwa kikumbo kikubwa ukarushwa mbali. Watafiti wa 2016 walionesha kuwa mikia hiyo inachangia sana kuifanya injini hii iipite ya maji matupu. Ya kwangu leo ipo, mirefu na safi. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Saa 2:00 usiku. Mama anapiga simu kutoka Tanga, kwao ni saa kumi na moja na nusu.

“Injini yako inakula nini, mwanangu?”

“Chakula wanachokula wale wadudu, mama.”

“Nacho mnakipiga hesabu?”

“Hapana, mama. Tunahesabu kutikisika kwa ushanga tu.”

“Basi bado hamjajua inakula kiasi gani.”

Nimeliandika swali lake juu kabisa ya ukurasa wa kesho, kisha nikarudi kuwapandikiza bakteria wa asubuhi.