Raundi ya 13

Jana usiku mwanangu alikuwa na simu yangu anaangalia video za spidiwei, zile mbio za pikipiki kwenye udongo, sijui zimeingiaje humo maana mimi sijazitafuta miaka mingi, akaniuliza, "Baba, mbona hizi pikipiki hazina breki?" Nikaanza kumweleza na nilikuwa nafurahia kweli kumweleza, lakini kabla sijafika popote akasema, macho bado yako kwenye kioo, "Natamani huyu wa helmeti ya njano aanguke."

Nikanyamaza. Nikatoka nje nikakaa huko muda mrefu kidogo, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti yangu yote.

Nilikuwa na miaka 12. Mjomba ndiye alikuwa ananipeleka, na mjomba alikuwa na mahali pake, kona ya kwanza, pembeni kabisa ya uzio. Wengi wanapenda kukaa usawa wa mstari wa kuanzia waone utepe unavyoruka juu na wale wanne wanavyochomoka, yeye anasema hapana, mbio zinaamuliwa kwenye kona ya kwanza, zinazobaki ni kufukuzana tu. Ukisimama pale unaondoka na udongo mpaka masikioni maana pikipiki inaingia kona kwa ubavu, tairi la nyuma linachimba, na kinachochimbwa chote kinakuja kwako. Na ile harufu jamani! Methanoli, ndiyo mafuta yao, ikiungua pamoja na oili ya mbarika inatoa harufu tamu tamu hivi, inakaa kwenye nguo, na mimi nilikuwa sitaki zifuliwe.

Mjomba alikuwa na karatasi yake ya ratiba na kalamu, anajaza mwenyewe kila raundi, wa kwanza 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho 0. Raundi 15, kila moja mizunguko minne, dakika moja hivi imeisha. Wenyeji helmeti nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano. Usiku ule baada ya raundi 12 tulikuwa 36 kwa 36, na raundi ya 13 ndiyo ile wakali wa pande zote mbili wanakutana, kwa hiyo watu walikuwa wamesimama wote hata wazee.

Utepe ukaruka. Wa njano akatoka vizuri, akashika njia ya nje, akawa anampita mtu wetu mwekundu nusu tairi, na mimi nikaona kabisa pointi tatu zinaondoka, nikashika uzio nikapiga kelele, "Aanguke! Aanguke huyo!" Sikuwa nasema tu, nilikuwa nataka.

Mwekundu akampandia kutoka ndani. Usukani ukagusana na usukani. Tairi la wa njano lililokuwa linaserereka likashika ardhi ghafla, pikipiki ikanyooka, na pikipiki ya spidiwei ikinyooka pale hakuna cha kufanya, ikaja moja kwa moja kwenye mbao, hatua kama sita kutoka tulipokuwa.

Kinachonirudia mimi ni kimya zaidi ya ule mshindo. Kuna kakamba kanakofungwa mkononi mwa dereva, akitupwa kanachomoka na kuzima injini, kwa hiyo yake ilikufa hapo hapo, halafu taa nyekundu zikawaka na wale wengine wakafunga mafuta, na uwanja uliokuwa unanguruma hivi ukawa kimya kabisa. Nilisikia udongo ukidondoka kutoka kwenye mbao, chembe chembe. Alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea kwetu lakini kioo cha helmeti kimejaa matope huoni jicho, na mguu wa kushoto ule wenye kiatu cha chuma umenyooka, kile chuma kinang'aa kwenye taa. Nikawa naangalia vidole vya glovu. Nikasema moyoni kidole kimoja tu, kisogee kimoja tu. Kalamu ya mjomba ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Watu wa huduma ya kwanza wakaja wakanikinga nisione, na hapo ndipo nikagundua bado nimeshikilia uzio kwa mikono miwili.

Halafu akakunja goti. Basi, goti tu, uwanja mzima ukapumua.

Mengine yalienda haraka. Refa akamtoa mwekundu, mtu wetu, kwa kusababisha, na jukwaa letu likamzomea refa vibaya sana, na mimi sikuzomea maana nilikuwa nimeona kila kitu. Raundi ikarudiwa na watu watatu. Wa njano akaja kwenye mstari na pikipiki yake ya pili, anachechemea, akamaliza wa tatu, wa mwisho kati ya hao watatu, pointi moja. Mjomba akanipa kalamu, hajawahi kunipa hata siku moja, akasema, "Andika wewe, mjomba." Nikaandika 1 kwenye njano, na kwenye nyekundu nikaandika X, ndiyo alama ya aliyetolewa. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nani alishinda usiku ule, sikumbuki.

Na sijui kama mjomba alinisikia. Tulikuwa bega kwa bega lakini injini nne za cc 500 kwenye kona hazimwachii mtu asikie kitu. Labda alinipa kalamu kwa kuwa yake mikono ilikuwa imechoka. Sikumuuliza njiani, wala miaka yote iliyofuata, na sasa hayupo.

Nilirudi ndani nikamkuta mwanangu bado yuko macho, bado anataka jibu lake. Nikamwambia hawana breki kwa sababu wote wanne wanageuka kushoto wamebanana, mmoja akifunga breki ghafla wa nyuma anampanda. Akauliza, sasa wanasimamaje? Nikamwambia wanafunga mafuta, injini yenyewe inalishika tairi, inapungua taratibu mpaka inasimama. Akaridhika, akalala. La helmeti ya njano sikuligusa.