Tone Mbili za Maji

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba wiski haikutengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Mara ya kwanza nilipoijaribu kwa dhati nilikuwa mgeni nyumbani kwa rafiki aliyekuwa na chupa nyingi kabatini, na kwa kuwa funda la kwanza lilinichoma koo hadi machozi yakanilengalenga, niliomba kipande cha barafu. Mmoja wa waliokuwapo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemrekebisha mtoto, kwamba kutia barafu ni kuitukana kazi ya waliotengeneza kinywaji hicho. Niliurudisha mkono, nikainywa kama walivyoinywa wao, nikawa ninaitikia kwa kichwa walipotaja zabibu kavu, ngozi mpya na tumbaku, ilhali mimi sikuonja chochote isipokuwa moto.

Moto huo una maelezo yake, na natamani mtu angenipa maelezo hayo usiku ule badala ya karipio. Kileo huamsha vipokezi vilevile vya kinywani ambavyo kazi yake ni kutambua joto kali, kwa hiyo ubongo hupata habari ya kuungua ingawa kinywaji chenyewe hakijapashwa moto. Kuwashwa huko si aibu, wala kuuvumilia moto huo si ushujaa. Funda la pili huwasha kidogo kuliko la kwanza kwa sababu kinywa hukizoea kileo upesi, na ndiyo maana siku hizi funda langu la kwanza huwa dogo mno, la kulowesha ulimi tu, wala sikihukumu kinywaji kwa hilo.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja, rafiki wa siku nyingi wa baba yangu, mtu asiye na maneno mengi. Alinimiminia kiasi kidogo katika glasi iliyobanwa mdomoni, na nilipoiinua ninywe akanizuia. “Usinywe kwanza, mwanangu,” akasema. “Inuse, lakini usiizamishe pua ndani. Achama kidogo, kisha vuta pumzi taratibu.” Nikafanya hivyo na kusikia ukali uleule wa siku zote. Akachukua kijiko cha chai, akachovya katika maji, akadondosha tone mbili ndani ya glasi yangu, akaniambia nisubiri. Nilipoinusa tena, nikasikia karafuu. Haikuwa harufu ya kubahatisha. Ilikuwa karafuu yenyewe, kana kwamba mtu amefunua kopo lake pembeni yangu. Nilimwambia nikiogopa kwamba nimekosea, naye akaniuliza, “Pua ni ya nani?”

Baadaye nilikuja kujua kwamba sikuwa nimekosea. Wiski hukaa ndani ya mapipa ya mwaloni, na mti huo una yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Vanila nayo hutoka humohumo, kwa maana moto unaotumika kubabua pipa kwa ndani huvunjavunja sehemu za ubao na kuacha vanilini, ambayo kinywaji huinyonya mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mtu anaposema amesikia vanila au karafuu, si lazima awe anajitia ujuzi. Huenda anataja kitu kilichomo kweli. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kukinusa kitu mwenyewe na kukariri orodha iliyobandikwa nyuma ya chupa, na mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikijaribu kukariri.

Kuhusu maji, nina neno la kusema kwa uzito, kwa sababu nadhani hapo ndipo watu wengi wamefukuzwa bila sababu. Wiski hutoka katika pipa ikiwa na kileo cha karibu asilimia 60 mara nyingi, na karibu kila chupa inayouzwa imekwisha kutiwa maji kiwandani ili ishuke hadi asilimia 40, 43 au 46. Sheria ya wiski ya Scotland inataka isipungue 40. Yule anayesema maji huharibu wiski ameshika mkononi wiski iliyokwisha kutiwa maji. Wachanganyaji wa viwandani, ambao riziki yao ni pua zao, huzimua sampuli hadi karibu asilimia 20 kabla ya kuzinusa. Na mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kileo kinapopungua kwa kuongezwa maji, molekuli za gwayakoli, ambazo huchangia harufu ya moshi, husogea kuelekea uso wa kinywaji, mahali ambapo pua inaweza kuzifikia. Tone mbili za mzee yule hazikuwa ushirikina.

Barafu ni jambo jingine, nami sitadanganya kwamba haipunguzi kitu. Baridi huzifungia harufu, kwa hiyo unapata kinywaji laini chenye machache ya kusema. Lakini siku ya joto kali, baada ya kazi, huenda ulaini huo ndio unaoutaka. Wajapani, ambao Masataka Taketsuru wao alifunga safari kwenda Scotland mwaka 1918 kujifunza kazi hii, na ambao kiwanda chao cha Yamazaki kilianzishwa mwaka 1923, wamezoea kuinywa wiski kwa maji mengi baridi au kwa soda, na sijasikia mwenye akili timamu akisema kwamba hawaijui.

Kilichonisaidia zaidi kuujua ulimi wangu ni daftari dogo na jaribio moja la kificho. Tulikuwa watu watano. Chupa tatu zilifungwa kwa magazeti na kupewa namba, na aliyezifunga hakuonja nasi. Moja ilikuwa na umri wa miaka 18, nyingine 12, na ya tatu haikuandikwa umri kabisa. Tulipewa mililita 15 kwa kila moja, tukaandika bila kuzungumza, kwa maana mtu mmoja akisema “moshi” kwa sauti, wote husikia moshi. Magazeti yalipofunguliwa, nilikuwa nimeiweka ile ya miaka 18 mwisho, na isiyo na umri ya kwanza. Niliona haya kwa dakika moja, kisha nikaisoma tena karatasi yangu. Kuhusu ile kongwe nilikuwa nimeandika: “mbao, mbao, chai iliyokaa mno.” Hayo ndiyo niliyoyaonja, na yalikuwa na maana, kwa sababu mwaloni ukipewa muda mrefu huweza kuifunika ladha ya shayiri iliyotengenezewa wiski na kuacha ukakasi. Umri ulioandikwa kwenye chupa hukueleza tu kwamba ndani yake hakuna wiski changa kuliko hapo. Hauahidi kwamba utaipenda. Rangi nayo haiaminiki, kwani sheria ya wiski ya Scotland inaruhusu kuongezwa rangi ya sukari iliyounguzwa, na kinywaji cheusi kama kahawa huenda hakikukaa katika pipa muda mrefu kuliko cha rangi ya majani makavu.

Daftarini ninaandika kwa maneno yangu. Sina mazoea na baadhi ya matunda yanayotajwa na waandishi wa nchi za baridi, na nisipolijua tunda siwezi kulinusa ndani ya glasi. Kwangu kuna wiski inayonukia kama vumbi linalopigwa na mvua ya kwanza, nyingine kama sanduku la nguo la bibi, nyingine kama ganda la chungwa lililosahaulika juani. Maneno hayo hayamsaidii mtu mwingine, lakini mimi nikiyasoma baada ya mwaka mzima najua ni chupa gani ninayoizungumzia na kama ningependa kukutana nayo tena.

Kutokana na kurasa hizo nimejifunza kwamba napenda wiski ya Marekani iitwayo bourbon, ambayo kwa sheria nafaka yake lazima iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi na ambayo hulazwa katika mapipa mapya yaliyobabuliwa. Napenda pia ile ya Scotland iliyolazwa katika mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo wa sherry kutoka Hispania. Ile ya moshi mzito, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moto wa mboji ya kinamasi iliyochimbwa na kukaushwa, na ambayo kisiwa cha Islay kinasifika nayo, nimeijaribu zaidi ya mara kumi. Mwanzoni ilininukia kama dawa ya kusafishia vidonda. Siku hizi naisikia chumvi na majivu, naiheshimu, na bado siinunui. Nimeacha kuomba radhi kwa hilo.

Nanywa kidogo. Mililita 30 zinanitosha kwa jioni nzima, maana baada ya glasi ya pili pua huchoka na kinachobaki ni kulewa, jambo ambalo halina uhusiano na ladha na lina madhara yake yanayojulikana. Na asiyekunywa, kwa imani yake, kwa afya yake au kwa kuamua tu, simshawishi kamwe.

Mwezi uliopita binamu yangu, mtu mzima mwenye familia yake, alinitembelea, nikamkaribisha glasi kutoka chupa niliyokuwa nayo kwa nusu mwaka. Aliuliza, huku akiangalia chini, kama ingekuwa vibaya akiongeza soda. Nikamletea soda na kumwomba ainuse kwanza. Alinusa, akasita, akasema, “Usinicheke, kaka, lakini mimi nasikia ndizi mbivu.” Sikumcheka. Hamira inapochachusha kimea huzaa kemikali ileile iliyomo katika ndizi, na nilipoinua glasi yangu na kunusa upya, ndizi ilikuwepo, wazi kabisa, mahali ambapo mimi kwa miezi sita nilikuwa nimeandika “asali” peke yake. Nikachukua daftari, nikaongeza neno hilo, na pembeni yake nikaandika jina lake. Yeye alikuwa akimimina soda.