Jibu la kijiweni
Walimu wa shule ya Jumapili wa hapa Unguja, kijana wa miaka 13 mara nyingi hakosi imani, anakosa jibu la haraka. Akinyooshewa sigara kijiweni, tuseme bustani ya Forodhani, ana sekunde chache tu. Mfanyisheni mazoezi: "Hapana, sivuti." Mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha abadili mazungumzo au aondoke. Akijitetea kwa sababu kumi, wenzake watazipangua moja moja mpaka aishiwe. Someni naye Danieli 1 katika Biblia: alipopangiwa chakula cha mfalme, Danieli hakugomba, aliomba kwa adabu asikile na kupendekeza jaribio la siku 10, mboga na maji. Mtafutieni pia rafiki mmoja, wa kanisa la Mkunazini (Anglikana) au Minara Miwili (Katoliki), kwani akiwa peke yake, ile "hapana" hukwama kooni.