Majivu na futari

Huku Köln, Ujerumani, Kwaresima hutanguliwa na kelele. Siku za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu ni karnevali, na mji mzima unachachamaa: watu wazima na heshima zao wamevaa kama nyuki, bia tangu asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza nilishangaa, kisha nikajiambia, kumbe vunja jungu! Ila kwetu Unguja jungu likishavunjwa, mtaa mzima unafunga. Huku kesho yake nipo kazini na majivu yangu kwenye paji la uso, na kantini inauza soseji kama jana.

Ndiyo maana 2025 likizo yangu niliichukua Machi. Wenzangu walinicheka: unakwendaje kisiwani wakati mikahawa imefungwa mchana? Mwaka ule Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla. Nilipakwa majivu Minara Miwili, kanisa letu la Mtakatifu Yosefu pale Mji Mkongwe, ambalo ukija na boti kutoka Dar minara yake unaiona mapema. Nilipotoka jua lilikuwa la utosi, vichochoro kimya, hakuna anayetafuna. Njaa yangu haikuwa siri tena.

Misheni yetu ya Kikatoliki Unguja ilianzishwa 1860 na mapadri waliotokea kisiwa cha Réunion, na mpaka leo sisi ni wa kuhesabika. Kwa hiyo kufunga nimejifunza kanisani, lakini pia kwa jirani yetu wa Kikwajuni, bibi ambaye tangu utoto wangu huleta bakuli la futari bila kuuliza nani kafunga. Safari hii aliuliza.

"Na nyinyi funga yenu ikoje, mwanangu?"

Nikamweleza: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja wa kushiba na miwili midogo, basi, na Ijumaa hatuli nyama.

"Mara tatu mnakula? Hiyo si funga, hiyo dayati!"

Sikuwa na jibu. Na hilo la nyama, kwa mtu wa pwani, ni mzaha mtupu. Changu wa kukaanga tunakula siku zote. Marehemu mama aliliona mapema. Kanisa lilikataza nyama, yeye akaongeza pweza. Ijumaa zote za Kwaresima pweza wa nazi haingii nyumbani, na pesa yake inatiwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, iende kwa maskini. Tulimnung'unikia sana. Leo ukiniuliza Kwaresima ni nini, naliona kopo lile kabla sijakumbuka mahubiri yoyote.

Basi siku ile ya majivu mlo wangu wa kushiba niliusogeza mpaka adhana ya magharibi. Tukala pamoja barazani kwake, muhogo wa nazi na kaimati. Dayati hakuitaja tena.

Nilirudi kabla ya Idi. Mkesha wa Pasaka nilikuwa Köln, tumesimama nje ya kanisa kuuzunguka moto, baridi inauma, kila mtu na mshumaa wake. Aleluya ikarudi baada ya siku zote zile za kunyamaza. Nikaimba kwa sauti, na ninakiri nililia kidogo. Baada ya misa watu wakapeana mikono, wakaenda zao.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili, Papa Fransisko akafariki. Jioni simu ikalia: bibi wa Kikwajuni. Yeye simu huwa anapigiwa, hapigi.

"Pole, mwanangu. Nimesikia redioni, mmefiwa na baba yenu."

"Ahsante, bibi. Tumeshapoa."

"Matanga yenu siku ngapi?"

"Kwa papa ni misa za siku tisa."

"Tisa! Na huko unakaa na nani?"

Nikatazama chumba changu, kiti kimoja, mshumaa wa mkesha juu ya meza.

"Niko peke yangu, bibi."

"Basi usikate simu," akasema, nikamsikia akivuta mkeka.